Kupanda Vaishno Devi: asiye Mhindu na mwenye goti bovu ajiandae vipi?

Mnyalukolo_Punjab
Habari zenu ndugu. Ninasoma Jalandhar, India, na wenzangu wa bwenini wamenialika tufuatane mwezi Agosti hadi hekalu la Mata Vaishno Devi, mungu wa kike wa Wahindu, lililoko katika vilima vya Trikuta juu ya mji wa Katra, huko Jammu. Mimi ni Mkristo wa Iringa, kwa hiyo milima hainitishi, ila goti langu la kushoto liliumia mpirani mwaka jana. Naomba kujua iwapo mtu asiye wa dini ile anaweza kuingia hadi ndani bila kuonekana amekuja kushangaa watu wakiabudu, na iwapo njia hiyo inapandika kwa mtu wa hali yangu.

BintiNgara
Karibu sana, kaka. Mimi ni Mhindu niliyezaliwa Nairobi, na nimepanda mara mbili, mara ya pili nikiwa na mama mkwe. Sikuona mtu yeyote akiulizwa dini yake. Utakachoulizwa ni kitambulisho, nawe kwa kuwa ni mgeni utatumia pasipoti, wakati wa kujiandikisha Katra na kupewa bure kadi ya kuvaa shingoni, ambayo bila hiyo huvuki kituo cha Banganga. Vaa nguo za heshima, na mkanda wa ngozi uache bwenini, kwa sababu vitu vya ngozi haviingii pangoni, wala simu na kamera, ambavyo huwekwa kwenye makabati kule juu.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba pangoni hakuna sanamu iliyochongwa ya kutazamwa. Kuna vichwa vitatu vya mwamba wa asili, ambavyo sisi huviita pindi (si hii pindi yetu ya Kiswahili), na ndivyo Mahakali, Mahalakshmi na Mahasaraswati, sura tatu za Mama, yaani huyo mungu wetu wa kike. Utapanga foleni pengine kwa saa kadhaa, kisha utapita mbele ya pindi hizo kwa sekunde chache tu kabla ya kuombwa usonge. Mama mkwe alilia katika sekunde hizo, nami nilikuwa bado natafuta pa kutazama. Waombe wenzako wakueleze mapema, ili zamu yako isipite ukiwa unauliza.

Mzoefu_wa_Njia
Nakubaliana na dada hapo juu, lakini kuhusu Agosti nina pingamizi. Huo ni msimu wa mvua za masika ya kule, na mwezi Agosti 2025 maporomoko ya ardhi karibu na Adhkuwari, kituo cha katikati ya njia, yaliua zaidi ya watu 30, hija ikasimamishwa. Epuka pia mkesha wa mwaka mpya, maana tarehe 1 Januari 2022 watu 12 walikufa kwa kukanyagana huko juu, na siku za Navratri, sikukuu ya Wahindu ya usiku tisa, ambapo umati huwa mkubwa mno. Novemba kuna baridi, lakini njia huwa kavu.

Kuhusu goti, kutoka Katra hadi hekaluni ni kama kilomita 13, barabara imesakafiwa na ina taa usiku kucha, hivyo wengi hupanda jioni. Usidanganywe na ngazi za mkato. Fuata njia ya mteremko, hasa wakati wa kushuka, kwa kuwa goti huumia zaidi hapo. Wapo farasi na wabeba machela, na kuanzia Adhkuwari vipo vigari vya betri ambavyo wagonjwa na wazee hupewa kipaumbele. Binafsi farasi siwapendi, kwani hukusukuma ukingoni, ndiyo maana nilipita njia ya Tarakote, ambako hawaruhusiwi.

Mnyalukolo_Punjab
Nawashukuru nyote. Wenzangu wamekubali tusogeze hadi Novemba. Wanasisitiza pia kwamba lazima tufike pia hekalu la Bhairon. Je, huko nako ni kupanda?

BintiNgara
Ndiyo, ni kama kilomita moja na nusu zaidi, lakini tangu Desemba 2018 kuna gari la waya kutoka hekaluni. Wana haki ya kusisitiza: masimulizi yanasema Mama alimkata Bhairon kichwa, kikaangukia kilima kile, naye alipoomba msamaha akaahidiwa kwamba hija ya mtu haitimii mpaka ampitie na yeye. Jambo la mwisho: laini ya simu ya malipo ya kabla uliyonunua Punjab haitafanya kazi Jammu, basi wapigie wazazi kabla treni haijavuka Pathankot, mpakani mwa Punjab.