Naomba ushauri: NAG imepanda kwenye mkojo wa mgonjwa aliyepandikizwa figo

Ndugu wataalamu wa maabara na madaktari wa figo, salamu kwenu.

Nina mgonjwa aliyepandikizwa figo miezi minne iliyopita, anayetumia takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo hiyo. Kwa wiki mbili sasa kimeng'enya cha NAG kwenye mkojo wake kimefika karibu mara tatu ya kiwango chake cha awali, ilhali kreatinini ya damu, yaani taka ambayo hupanda figo zikishindwa kuchuja, haijatikisika. NAG ni molekuli kubwa isiyopenya chujio la figo, kwa hiyo ikizidi kwenye mkojo huwa imetoka katika seli za mirija zilizoumia. Tatizo ni kwamba haimtaji aliyeziumiza, kwani hupanda mwili unapoikataa figo na hupanda vilevile takrolimasi inapoidhuru.

Nimerudia kipimo kwa mkojo wa asubuhi, nikakigawanya kwa kreatinini ya mkojo, na uoteshaji haukuonyesha vijidudu. Sampuli ya kwanza, nakiri, ilikaa mezani hadi alasiri.

Je, kuongeza kipimo cha GGT ya mkojo, kimeng'enya kingine cha seli za mirija, kutasaidia kutenganisha visababishi hivyo viwili? Au nimshauri daktari wake afikirie kuchukua kipande cha figo kwa uchunguzi sasa, bila kungoja kreatinini ipande?