Mjadala: Ni kweli mwanamke anaangalia pesa kwanza?

Wakuu, kila tukigusa habari za uchumba lazima atokee mtu aseme: "Mwanamke anapenda pesa, mengine mbwembwe." Siku hizi wengine wanamleta na mwanasaikolojia David Buss awe shahidi wao. Mimi napinga.

Utafiti wa Buss wa 1989 uliwafikia watu zaidi ya 10,000 wa tamaduni 37, Zambia ikiwemo. Kweli, karibu kote wanawake walijali kipato cha mwenza kuliko wanaume walivyojali. Lakini wake kwa waume waliweka upole na akili juu ya pesa. Mbona hicho kipande hakisemwi?

Mwaka 1999 Alice Eagly na Wendy Wood walizipitia upya takwimu zilezile. Wakakuta kwamba nchi ambazo wanawake wana nafasi inayokaribiana na ya wanaume, tofauti hiyo inapungua. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote. Binti asiye na shamba wala kipato chake akikuuliza "unafanya kazi gani?", anawaza watoto watakula nini. Na hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe. Sheria imekutwika mzigo, halafu unakasirika binti akitazama mabega yako?

Tena, tunachosema tunataka sicho kinachotuvuta. Paul Eastwick na Eli Finkel, katika utafiti wao wa 2008, waliwakutanisha wanafunzi huko Marekani, wawili wawili, dakika nne kila jozi. Kwenye fomu wanaume walitaja uzuri zaidi, wanawake kipato. Walipokaa uso kwa uso, tofauti hiyo haikuonekana. Mwenye matumaini ya kipato kizuri aliwavutia wote kwa kiasi kilekile.

Najua mtaniletea habari za kuliwa nauli. Umetuma hela kwa mtu hujawahi kumwona, anakwambia "nipo Ubungo nashuka", dakika kumi baadaye simu haipatikani. Inauma, sikatai. Ila huyo ni tapeli, wala hakuwa anachagua mume. Msiwapimie dada zetu wote kwake.

Mnaoshikilia kwamba ni pesa tu, naombeni jibu la hili: dada mwenye mshahara na kiwanja chake, asiyehitaji hata mia yenu, mbona mnamkwepa mkisema ni jeuri?