Msingi umemeza pesa yote Nyamasaria, nikope ama nisimame?

JamaaWaNyamasaria
Habarini wadau, naomba msaada. Najenga nyumba ya bedirumu tatu huku Nyamasaria, Kisumu, mita 10 kwa 11. Fundi aliniambia msingi mpaka slebu, ile sakafu ya zege, ni laki nne na nusu, nikamwamini kwa sababu ndiye alimjengea binamu yangu Riat kwa bei hiyo hiyo. Sasa tumefika laki sita na ishirini na slebu haijamwagwa. Tulichimba futi tatu tukakuta bado ni ule udongo mweusi, blak koton, unashika gambuti mpaka mguu unatoka bila kiatu, tukaendelea mpaka futi tano na nusu ndio tukapata pagumu, mawe yakaongezeka, lori za hadikoo, yale mawe ya kujazia, zikaongezeka, na kila jioni ni simu, bosi tuma ya simiti. Leo ameitisha mifuko 110 ya slebu. Sako wako tayari kunipa mkopo lakini bibi yangu anauliza karo ya Januari itatoka wapi na sina jibu. Nikope nimalize ama nisimame?

fundi_kakamega
Pole sana kaka. Kwa kuchimba usimlaumu huyo mwenzetu, huo udongo ukinyeshewa unavimba, jua likiwaka unapasuka, ukiweka msingi juu yake kuta zinachanika hata hujahamia. Alipokosea ni mwanzo. Riat ni mwamba, huko kwenu ni tambarare, huwezi beba bei ya kule ulete huku. Angechimba mashimo mawili matatu ya kujaribu kwa kona za ploti kabla akupe bei, hiyo ni kazi ya vibarua wawili siku moja. Lakini hiyo 110 imenishtua. Slebu ni inchi ngapi?

JamaaWaNyamasaria
Inchi nne, rasho ni moja mbili nne, yaani simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne.

MamaKiamunyi
Basi shika kalamu ndugu yangu. Inchi nne ni kama mita 0.1, kwa hivyo 10 mara 11 mara 0.1 ni kyubiki mita 11. Kwa 1:2:4 kyubiki mita moja inakula mifuko sita na kitu ya kilo 50, kwa hivyo 70 hivi, ongeza tano za kuharibika. Kama kuna bimu za pembeni zinamwagwa pamoja akuonyeshe na azipime mbele yako, la sivyo hizo 35 ni za nini?

Mimi nimejenga Kiamunyi hapa Nakuru nikiwa nafanya kazi mbali na niliumia vibaya kabla nijue. Sasa niko na kaunta buku, kila lori ikiingia inaandikwa, fundi anasaini, na mifuko mitupu inafungwa kumi kumi naihesabu mwenyewe Jumamosi kabla sijalipa mtu. Na usilipe kwa siku, lipa kwa hatua, halafu asilimia kumi ubaki nayo mpaka uone kazi imekauka bila ufa.

fundi_kakamega
Mama amesema ukweli. Na usisimame hapo ulipo, mvua ikiingia kwa msingi uliojazwa nusu itakulegezea kazi yote. Mwaga slebu, imwagilie maji siku saba, vyuma vya nguzo vilivyochomoza vipake uji wa simiti visile kutu, ndio usimame hata mwaka mzima. Ukuta wa mkopo achana nao kwanza.

JamaaWaNyamasaria
Nimetoka saiti saa hii. Nimemuuliza kwa upole, anasema 110 aliweka na plasta ya nje ya msingi, hajapima, alikisia tu. Nikahesabu mitupu pia. Risiti zangu ni mifuko 140, mitupu ni 118, na hakuna anayejua 22 zilienda wapi. Nimekaa chini juu ya mawe nikashindwa kuongea. Tumekubaliana 75, nimewaambia sako wangoje, tunamwaga Alhamisi na kaunta buku itashikwa na bibi yangu. Mama Kiamunyi, hiyo asilimia kumi ulimwambiaje fundi akakubali?

MamaKiamunyi
Nilimwambia kabla ya hatua kuanza, tukaandika, shahidi akasaini. Mwambie leo, Alhamisi utakuwa umechelewa.