Kikundi "Nyumbani Karatu": injini ya Land Rover 109

IJUMAA

Elia: Shikamooni wazee. Baba, nimepata injini. 1HZ, dizeli ya Toyota, imetoka kwenye gari la watalii lililopinduka, yenyewe haijaguswa. Mwenye nayo ananisubiri mpaka Jumatatu.

Baba: Marahaba mwanangu. Injini ya nini?

Elia: Ya Land Rover letu, ile 109. Jana mmepakia vitunguu Mang'ola, mmetumia muda gani kufika nyumbani?

Mama: Masaa manne na nusu. Mimi ndiye niliyekuwa nashuka kuweka jiwe nyuma ya tairi.

Elia: Mama pole sana. Ndiyo hicho ninachosema. Ile dizeli ya lita mbili na robo, hata ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 62. Gari ni la 1982. Hii 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, farasi kama 130. Haina turbo, haina kompyuta, hata dizeli ya kwenye madumu inakubali. Naendesha injini hiyo kila siku Serengeti, na spea zake zimejaa Arusha.

Ba Mdogo: Elia, 1HZ ni injini ya kweli, hakuna anayebisha. Ila jirani yangu hapa alifungiwa six ya Toyota kwenye 109 yake. Alifurahi wiki tatu. Ya nne gia boksi ikamwaga meno, gari likalala porini siku mbili na ng'ombe ndani.

Elia: Ba Mdogo, huyo alikuwa anakanyaga mno.

Ba Mdogo: Alikuwa amebeba ng'ombe wawili tu.

Neema: Shikamooni. Nimetoka gereji sasa hivi, nimesoma yote. Kaka, nitaandika kwa urefu, univumilie.

Neema: Gia boksi ya Series III, yaani aina ya 109 yetu, ilitengenezwa kwa injini ndogo. Ukiifungia lita 4.2, ile nguvu ya chini inakwenda moja kwa moja kwenye meno ya gia. Kwa hiyo utabadilisha gia boksi. Gia boksi mpya haina urefu ule ule, kwa hiyo propela shafti zote mbili zinakatwa na kuchomelewa upya. Six ni ndefu, rejeta itasogezwa mbele na bati la mbele litakatwa. Ni nzito, springi za mbele zitalala. Na difu za 109 zina uwiano wa 4.7, yaani gia fupi, injini italia sana ukifika 80 na mwendo hutauona, labda ubadilishe na difu. Halafu breki: ni za dramu magurudumu yote manne. Kutoka Karatu kushuka Mto wa Mbu umepakia, una farasi 130 na breki za 1982. Hapo ndipo mimi nakosa usingizi.

Neema: Bei uliyoambiwa ni ya injini peke yake. Hayo mengine yote hayamo. Na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, lazima mabadiliko yapelekwe TRA, mamlaka ya mapato, la sivyo siku ya kuuza au ya ajali ni matatizo.

Elia: Sawa, nimekuelewa. Lakini Mama hawezi kuendelea kuweka mawe.

Neema: Hawezi. Kama ingelazimu kubadilisha, mimi ningetafuta 200Tdi ya Land Rover. Lita 2.5 ya turbo, farasi 107 kwenye Defender, na ni ukoo mmoja na hii yetu, inakaa kwenye gia boksi ile ile bila kukata gari. Asubuhi ya baridi inawaka bila kusubiri hita plagi. Ila hata hiyo, Baba angetakiwa kuiendesha kwa upole. 300Tdi zilizoifuata ndizo nyingi sokoni, lakini zinataka kazi zaidi kwenye mauntingi.

Baba: Nimewasikia wote. Gari hili babu yenu alilinunua misheni, mimi nilijifunzia kuendesha humo. Neema alizaliwa usiku wa mvua, Mama yake alifikishwa hospitali na injini hiyo hiyo. Mwaka 2011 niliifanyia ovaholi mwenyewe hapa uwanjani, pistoni, ringi na beringi zote. Ikizimika Mang'ola naijua kwa mlio, naifungua kwa spana nilizonazo. Hiyo nyingine nitaijua lini? Nina miaka 67.

Elia: Baba, mimi naogopa uzimikiwe usiku ukiwa peke yako. Ni hilo tu.

Baba: Najua mwanangu.

Neema: Naomba kitu kimoja. Kabla hatujazungumzia kutoa injini, hakuna aliyeipima. Kesho napanda basi la asubuhi na geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo wa kila silinda.

JUMAMOSI

Neema: Majibu. Silinda ya 1, 2 na 4 zinakaribiana, ziko vizuri. Ya 3 iko karibu nusu ya wenzake. Nimemimina oili kidogo ndani nikapima tena, haikupanda. Ingekuwa ringi, oili ingeziba na ingepanda. Kwa hiyo ni valvu au gasketi. Tunafungua hedi.

Mama: Wamefungua. Meza yangu ya jikoni imejaa vyuma.

Neema: [picha] Valvu ya egzosti ya silinda ya 3, tazameni ukingo ulivyoliwa. Pengo hilo ndilo lililokuwa linakula nguvu mlimani. Baba amekuwa akibeba vitunguu kwa silinda tatu, sijui tangu lini. Kuta za silinda ni safi. Ovaholi ya 2011 ilikuwa kazi nzuri, Baba.

Baba: Asante mama.

Ba Mdogo: Na moshi mweusi?

Neema: Nozeli zinadondosha. Nitazipeleka Arusha zipimwe pamoja na pampu ya dizeli ya CAV. Na hita plagi zimeungwa kwa mfululizo, moja ikifa zote zinakufa. Ndiyo maana Julai mnasukuma gari. Nitafunga za kisasa, kila moja na umeme wake.

Elia: Neema, gharama ya valvu, gasketi na nozeli niachieni mimi. Ile hela ya injini ninayo.

Neema: Basi ongeza na silinda za breki za magurudumu, zinavuja mbili za nyuma. Hizo nazitaka kabla ya kitu kingine chochote.

Elia: Nanunua Jumatatu. Nitumie namba zake.

Baba: Elia, mpigie yule mwenye 1HZ leo hii, mwambie asikusubiri. Asije akakosa mteja kwa ajili yetu.

Elia: Nimeshampigia Baba.

Mama: Hedi inaondoka lini mezani? Nina unga wa kukanda.