Mrejesho: monstera yangu imetoa jani lenye matundu

Wakuu, niliuliza kwa nini monstera yangu (mmea wa mapambo ambao majani yake makubwa huwa na matundu ya asili) inatoa majani madogo yasiyo na matundu, na ya chini yanageuka njano. Mkanishauri mwanga, nguzo na udongo usiotuamisha maji. Asanteni sana, imekubali.

Sasa iko barazani, inapata jua la asubuhi. Udongo nimechanganya na makumbi ya nazi na mkaa uliopondwa, na namwagilia pale tu udongo wa juu ukikauka.

Ila kwa maoni yangu nguzo ndiyo imefanya kazi kubwa. Kwao, kwenye misitu ya Mexico hadi Panama, mmea huu hupanda juu ya miti kwa mizizi ya hewani. Nilizungushia gongo makumbi, nikawa nalilowesha, mizizi ikang'ang'ania. Jani jipya likachomoza limejiviringisha, kijani cha kung'aa, likafunguka taratibu: mipasuko hadi ukingoni, na vitundu vidogo karibu na mshipa wa kati! Nimefurahi mno.

Wenye watoto wadogo, iwekeni mbali, maana utomvu wake unawasha kinywa na koo.

Dada yangu naye anataka mche. Nitamkatia kipande chenye kifundo (pale jani linapoota kwenye shina) na mzizi wa hewani, kwa sababu jani peke yake halichipui.