Kuhama kutoka kulanti ya kijani kwenda ya pinki baada ya kuosha rejeta

Mwenye_Fielder, Kasarani
Wadau, habari za jioni. Nina Toyota Fielder ya 2010, injini ya 1NZ. Aliyeniuzia alikuwa akiweka kulanti (kile kimiminika cha kupozea injini) ya kijani. Wiki iliyopita nilifungua boneti nikakuta maji ya tangi la akiba yamekuwa rangi ya kutu. Fundi wa mtaani akafungua koki ya chini ya rejeta (kile kipozeo cha maji ya injini), akamwaga, akajaza maji ya mfereji, akawasha injini, akamwaga tena, mpaka yakatoka safi. Kwa sasa natembelea maji matupu. Kitabu cha gari kinataka ile ya Toyota ya pinki. Je, naweza kuhama moja kwa moja? Na ninunue iliyokwisha changanywa na maji au ile nzito isiyochanganywa? Duka moja Kirinyaga Road wameniambia zote ni sawa, nichague rangi tu.

Dereva_Embakasi
Ndugu, kulanti ni ya nchi za barafu. Nairobi barafu itoke wapi? Weka maji, angalia kila asubuhi, safari iendelee.

FundiMzee_Kariobangi
Dereva, kaka yangu, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Barafu kweli hatuna, lakini tuna mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huku maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Feni za rejeta nyingi huanza kuzunguka injini ikishafika nyuzi tisini na kitu. Kinachozuia maji yasichemke ni shinikizo la kifuniko cha rejeta peke yake. Siku sili ya kifuniko hicho ikichoka na wewe umekwama kwenye jamu ya Outering saa nane mchana, maji yatachemka kabla feni haijakuokoa. Glaikoli, kile kimiminika kikuu cha kulanti, inapandisha kiwango cha kuchemka, na dawa zilizomo kwenye kulanti zinalinda metali. Hiyo 1NZ bloku yake ni alumini, hedi (kichwa cha injini juu ya bloku) ni alumini, na rejeta ni alumini na plastiki. Maji matupu huila alumini polepole mpaka unakuta unga mweupe kwenye midomo ya mabomba.

Sasa mwenye swali. Kuhama inawezekana, na umefanya vizuri kuosha kwanza. Ila usiende dukani kutafuta rangi. Rangi ni wino wa kiwanda, hakuna sheria inayosema kijani ni dawa fulani na pinki ni fulani. Geuza mtungi usome nyuma. Gari la Kijapani linataka kulanti ya asidi za kikaboni yenye fosfeti, isiyo na siliketi. Kijani ya zamani mara nyingi ina siliketi, na dawa zake huisha mapema, kama miaka miwili. Zikichanganyika gari halitalipuka, lakini ile ya muda mrefu inapoteza umri wake, na michanganyiko mingine huacha ute unaoziba vijia vyembamba vya rejeta na hita.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana watu wengi wanaharibu kazi nzuri hatua hii. Ukifungua koki ya rejeta, maji hayatoki yote. Mengine yanabaki kwenye bloku na kwenye rejeta ndogo ya hita. Mfumo wako unabeba lita tano hivi. Tuseme zimetoka tatu, mbili zimebaki, nazo ni maji matupu. Ukijaza lita tatu za pinki iliyokwisha changanywa nusu kwa nusu, umeingiza lita moja na nusu tu ya kulanti halisi. Hiyo ni asilimia 30, wakati unataka 50. Kwa hivyo nunua ile nzito. Mimina kwanza lita mbili na nusu, halafu malizia na maji yasiyo na madini. Pinki ya Toyota yenyewe huuzwa ikiwa imeshachanganywa, kwa hiyo tafuta nzito ya kampuni nyingine iliyoandikwa kwamba inafaa magari ya Asia.

Na kama maji yale yangekuwa na rangi ya chai ya maziwa, yenye mafuta mafuta, ningekwambia uache habari ya kulanti kabisa ukapime hedi gasketi, ile sili iliyo kati ya hedi na bloku. Kutu ni afadhali.

Mwenye_Fielder, Kasarani
Asante sana mzee. Plotini kwetu tunatumia maji ya kisima. Niyatumie kumalizia? Na hewa naitoaje?

FundiMzee_Kariobangi
Kisima hapana, tafadhali. Maji ya visima vya Nairobi mengi yana madini, na madini yakikutana na fosfeti yanashikana kuwa magamba ndani ya injini. Nunua yale ya kuongezea betri kwenye petroli stesheni, lakini uulize vizuri wasikupe asidi. Suuza mara ya mwisho kwa hayo hayo pia, maana maji yaliyobaki kwenye bloku ni sehemu ya mchanganyiko wako.

Hewa: egesha gari pua ikiwa juu, pale penye mwinuko kidogo. Injini ikiwa baridi, acha kifuniko wazi, weka hita kwenye moto wa mwisho, washa. Minyaminya mpira mkubwa wa juu wa rejeta, utaona povu likipanda na kiwango kikishuka, ongeza taratibu. Thamostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) ikifunguka, mpira huo utakuwa moto na hita itavuma hewa ya moto. Ikivuma baridi, bado kuna hewa ndani. Feni ikishazunguka na kuzima, funga. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua tena uangalie.

Ile uliyomwaga usiiache kwenye beseni wala mtaroni. Glaikoli ina utamu, mbwa huilamba, na mtoto pia anaweza kuionja, nayo ni sumu.

Dereva_Embakasi
Mzee, hiyo ya nyuzi 95 sikuijua. Kifuniko kipya nitajuaje kinafaa gari langu?

FundiMzee_Kariobangi
Soma namba ya shinikizo iliyo juu ya kifuniko cha zamani, 0.9 au 1.1, ununue yenye namba hiyo hiyo. Usiongeze ukidhani unaboresha. Shinikizo likizidi, mipira ya zamani ndiyo hupasuka kwanza.