Walipima maji yetu 2019, wakahitimu, wanangu wakaendelea kunywa floraidi

Wadau, jambo hili limenikaa rohoni tangu mwezi wa pili na leo nalitoa. Ni refu. Kama unakaa hapa kaunti ya Nakuru, iwe Njoro, Rongai, Bahati, Gilgil au kule Elementaita, na una mtoto mdogo nyumbani, nakuomba usome mpaka chini.

Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya kisima kimoja upande wa Njoro. Ni kile kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, kina pampu ya dizeli na tangi juu ya mnara, na watu huteka kwa mitungi ya lita 20. Mwaka 2019 tulitembelewa na mhadhiri mmoja wa chuo kikuu pamoja na wanafunzi watatu. Chuo sikitaji, maana nimeambiwa na watu wa vyuo tofauti kwamba mambo ni yale yale. Walikuja kwa heshima. Walipitia kwa chifu, wakatuonyesha kibali, wakateka maji kwenye vichupa na kuandika nambari juu ya kila kichupa. Kiangazi walirudi wakateka tena. Wakaomba pia kupiga picha meno ya watoto. Kifungua mimba wangu, wakati huo ana miaka 9, alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya kanisa, akavuta midomo kwa vidole viwili, akapigwa picha. Fomu ya ridhaa niliitia sahihi mwenyewe. Tuliahidiwa kwamba matokeo yakitoka tutaletewa. Nambari yangu ya simu waliandika, na laini hiyo sijaibadilisha mpaka leo.

Hawakupiga. Hawakurudi.

Mwaka 2020 tukajaliwa kitinda mimba, mvulana. Uji wake ulipikwa kwa maji ya kisima kile. Chai yake, ugali wake, kila kitu. Mama yake alikuwa akiyachemsha kwanza kwa sababu tumefundishwa hivyo tangu shule ya msingi, maji salama ni ya kuchemshwa.

Mwaka huu meno yake ya utoto ya mbele yamedondoka na ya ukubwani yameota. Yametoka na mistari myeupe kama chaki, na katikati madoa ya kahawia. Nilimpeleka kwa daktari wa meno mjini Nakuru. Akamwangalia kwa tochi, akaniuliza, "Baba, maji mnayotumia yamewahi kupimwa?" Nikajibu haraka, "Ndiyo daktari, yalipimwa na chuo kikuu." Akauliza, "Yakaonyesha nini?" Sikuwa na jibu.

Daktari yule alinieleza kwa dakika kumi mambo ambayo sikuwahi kuelezwa na mtu. Huku kwetu Bonde la Ufa miamba ni ya volkano, na maji yanayokaa chini kwa muda mrefu huyeyusha floraidi, aina ya madini, kutoka kwenye miamba hiyo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ndicho Kenya inakifuata, ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya kaunti yetu vimepita hapo. Kuchemsha hakuondoi floraidi hata kidogo. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, kwa hiyo unayakoleza. Na jino huharibika likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, kabla hujaliona. Kwa meno ya mbele, miaka mitatu minne ya kwanza ya mtoto ndiyo ya hatari zaidi. Likishaota na doa, hata ukimhamisha mtoto anywe maji safi kiasi gani, doa litabaki. Watu waliokunywa maji makali kwa miaka mingi, ubaya unaingia mpaka kwenye mifupa na viungo.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja chuoni. Askari wa lango akanielekeza ofisi ya kwanza, ofisi ya kwanza ikanituma ya pili, ya pili ikasema mhusika yuko mkutanoni, nije kesho. Kesho yake nikaambiwa mwanafunzi aliyefanya kazi ile alishahitimu shahada yake ya uzamili, nitafute kwenye mtandao. Mpwa wangu akatafuta. Makala ilichapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la nje, na kuifungua ni dola thelathini na kitu. Tasnifu yenyewe ipo kwenye hifadhi ya maktaba ya chuo, lakini inafunguka kwa wanachuo peke yao. Tuliipata kwa sababu mpwa wangu ana rafiki anayesoma huko.

Nilikaa nayo usiku mzima na kamusi. Sina ubaya na kazi yenyewe, ni kazi nzuri. Wamepima kwa makini, wamelinganisha masika na kiangazi, wamechora ramani. Visima vimepewa nambari bila majina, ila kwenye maelezo ya kimoja kumeandikwa: kisima cha jamii, kando ya kanisa, pampu ya dizeli. Nikavuta kidole kwenye jedwali mpaka mwisho wa mstari. Zaidi ya mara nne ya kiwango.

Kuna picha pia. Macho yamezibwa kwa mstari mweusi, lakini mtoto wangu namjua kwa vidole vyake.

Wadau, hesabuni miaka. Mwaka 2021 makala ilipochapishwa kijana wangu alikuwa na mwaka mmoja. Wakati huo meno yale yalikuwa yanajengwa ufizini. Laiti mtu mmoja angenipigia simu ya dakika mbili akaniambia, "Katibu, maji yenu yana floraidi nyingi, watoto wadogo wasiyanywe wala yasipikie uji wao," ningefunga mifereji kwenye mabati yangu wiki ile ile. Mvua ya Njoro tunaijua. Maji ya mvua yangemtosha mtoto mmoja kunywa na kupikiwa, na ya kisima tungefulia na kunyweshea ng'ombe. Teknolojia yenyewe ni bati na tangi.

Ukurasa wa shukrani unasema wanawashukuru wakazi kwa ushirikiano wao. Ukurasa wa mapendekezo unasema jamii ihamasishwe kuhusu madhara ya floraidi. Ihamasishwe na nani? Mtu pekee aliyekuwa na nambari ya kisima chetu na nambari yangu ya simu ni huyo aliyeandika sentensi hiyo.

Halafu kuna lile pipa. Shule ya msingi jirani na sisi iliwekewa na watafiti wengine kichujio cha mkaa wa mifupa, pipa la buluu lenye mfereji chini. Siku ya kuzindua kulikuwa na picha na hotuba. Mkaa wa mifupa unafanya kazi kweli. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lisilo na hewa nyingi, inasagwa, na chembe zake zinaishika floraidi maji yakipita. Lakini zinashika mpaka zinashiba. Zikishiba ni lazima zibadilishwe, na huwezi kujua kwa kuonja, kwa sababu floraidi ya kiasi hicho haina ladha wala rangi wala harufu. Inatakiwa kupimwa. Mwalimu mkuu hakuachiwa kipimo, hakuachiwa mkaa wa akiba, hakuambiwa ni baada ya lita ngapi. Watoto waliendelea kunywa kwenye pipa lile wakijua wamekingwa. Leo limehifadhi chokaa ya kuchorea uwanja wa mpira.

Na msiniambie haiwezekani. Hapa hapa Nakuru, dayosisi ya Katoliki ilianza kushughulika na vichujio vya mkaa wa mifupa miaka ya 1990, na baadaye wakafanya kazi pamoja na taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, Eawag. Walichoma mifupa, wakauza vichujio, wakawa na maabara ya kupima. Utafiti ulitoka kwenye karatasi ukafika kwenye mfereji, katika mji huu huu.

Nimesoma masharti ya leseni za utafiti za NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mtafiti anatakiwa kuwasilisha ripoti yake kwa tume ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Vizuri, nakala iende Nairobi. Na kisimani je? Ninachotaka ni karatasi moja ya Kiswahili, lugha ya taifa kwa kifungu cha 7 cha Katiba, iliyobandikwa kwenye mnara wa tangi: maji yenu yamepimwa tarehe fulani, kiwango ni hiki, kinachoruhusiwa ni hiki, mtoto wa chini ya miaka minane asiyanywe. Na chuo kisimpe mtu joho kabla hakijauliza karatasi hiyo iko wapi.

Nimeandika barua rasmi chuoni kuomba matokeo yote ya visima vyote walivyopima eneo letu, kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Nilipigiwa muhuri wa kupokelewa. Sheria inawapa siku 21. Leo ni siku ya 26.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Kuna aliyeuliza huko chini kwa nini kamati yenyewe haikufuatilia. Ni kweli, nilipaswa kufuatilia, na mama yake mtoto ameniambia hivyo kabla yako. Nilidhani kimya maana yake ni maji mazuri. Ndiyo maana naandika, nyumba nyingine isidhani hivyo.

Mwingine amesema nao walipimiwa maji Bahati na hawajaona jibu. Kama kisima chenu kiliwahi kutekwa sampuli, andika hapa ni sehemu gani na mwaka gani, majina ya watu usiweke. Jumatatu napeleka malalamiko kwenye Tume ya Haki ya Utawala, ile inayopokea malalamiko ya watu walionyimwa habari, na nataka niende na orodha.